Chipu haiui PS, muulizeni fundi wa kwanza alifanya nini humo ndani

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua nyingi zinazokuja hapo ni za barabara na maji na mikopo ya wanafunzi, ila na sisi watu wa vibanda vya gemu ni wasomaji na gazeti tunanunua, tena likishasomwa linafunikia TV vumbi lisiingie.

Wiki mbili zilizopita kuna msomaji wa Morogoro aliandika kwa uchungu kabisa kwamba PS2 (PlayStation 2, mashine ya gemu) ya watoto wake ilitiwa chipu na fundi, ikacheza wiki tatu ikafa, basi akamaliza kwa kusema chipu ni sumu ya mashine na mafundi wa chipu wote wapigwe marufuku. Nampa pole ya dhati, hasara ya elektroniki naijua, nimeila mwenyewe. Ila hapo kwenye sumu naomba nibishe kidogo, maana mimi nimekuwa na kibanda hapa Kirumba Mwanza toka 2006 hadi 2019, TV nne, benchi mbili, na kelele ambazo mama mwenye nyumba hajanisamehe mpaka leo, na katika miaka yote hiyo mashine zote zilikuwa na chipu na zilizokufa kwa sababu ya chipu yenyewe sikumbuki hata moja. Zilikufa kwa vumbi, kwa umeme wa kukatika na kurudi, kwa mende (yani mende wanapenda PS kuliko watoto, kuna joto humo), na zilikufa kwa mikono ya watu waliozifungua kabla yangu wakabadilisha vitu wakafunga wakanyamaza.

Hicho ndo kilichonileta.

Kwa wasiojua ngoja nieleze chipu ni nini maana wengine wanadhani ni kitu cha uchawi. Tuanze na PS ya kwanza ile ya kijivu iliyotoka Japani Desemba 1994. CD yake original, ile yenye mgongo mweusi, pale karibu na tundu la katikati ile njia ambayo lenzi inaifuata imechongwa ikiyumbayumba kidogo, na huo myumbo umebeba herufi nne, SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Mashine ikiwaka inatafuta herufi zake, isipozikuta inakugomea. Sasa kompyuta ya kuchoma CD hata uinunue ya milioni haiwezi kuchonga ule myumbo, inanakili gemu lote ila myumbo haunakiliki. Ndo watu wakabuni chipu, na zilizozoeleka zilikuwa kadude ka miguu 8 tu kanaitwa PIC12C508, kazi yake ni kuiimbia mashine zile herufi bila kuchoka, SCEE SCEE SCEE, mashine inaamini imeziona kwenye CD na gemu linaanza. Waya zenyewe chache, mtu mwenye mkono mtulivu anamaliza kabla chai haijapoa. Na wala haikuwa kwa ajili ya CD za kuchoma tu, kuna watu walileta gemu original kutoka Dubai za Kijapani zikakataa kwenye PS ya Ulaya, umelipa hela yako halali na mashine inakununia.

PS2 iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000 ndo mashine iliyouzwa sana kuliko zote, zaidi ya milioni 155, na hapa kwetu ndo iliyojaza mabanda. Chipu yake ni habari nyingine, zile za PS2 nene zinataka waya ishirini na zaidi, nyingine zinaenda kwenye BIOS (ile programu ya ndani inayoiwasha mashine) nyingine kwenye upande wa kusoma CD, na vidonda vya kulehemu vingine ni vidogo kama tundu la sindano. Hapo sasa ndo lazima ujue bodi uliyonayo mezani ni ipi, maana bodi za PS2 zilibadilika badilika, watu wa kazi wanazihesabu V1 mpaka V18, na mchoro wa waya wa V5 sio wa V7 na wa V7 sio wa V9.

Na hapa ndo nakuja kwenye yangu.

Mwaka 2011 nilinunua PS2 ya mtumba kutoka Uingereza, stika chini imeandikwa SCPH-39003, ile 3 ya mwisho ndo ya Uingereza. Laki na nusu. Safi kwa nje, haina mkwaruzo, nikafurahi kama nimepata mtoto. Kipindi kile mkono wangu kwenye PS2 ulikuwa bado, PS1 nilikuwa naweza, hivyo nikaipeleka kwa fundi mjini, sitamtaja, tena nasikia siku hizi anauza vifaa vya sola na Mungu amjalie. Elfu arobaini chipu na kazi. Akaniambia njoo jioni. Jioni kesho. Kesho keshokutwa. Siku ya nne nikaikuta inacheza, nikalipa nikaondoka nayo.

Siku za mwanzo ilicheza vizuri. Kisha ikaanza ile skrini nyekundu wote tunaoijua, inayosema weka disc ya PlayStation, na disc ipo humo ndani inazunguka. Unazima unawasha inakubali. Baadaye mara mbili, baadaye mara tano, watoto wamelipa mia mia zao wanaanza kudai, mmoja akanambia "anko rudisha hela yetu twende kwa Baba Zai" na Baba Zai ni mshindani wangu wa ng'ambo ya barabara. Wiki ya tano lenzi ikafa kabisa.

Nikarudi kwa fundi. Nikamwambia kaka hii mashine vipi. Akanijibu bila hata kunyanyua macho, "Chipu ndo zilivyo bro, zinakula lenzi." Yani maneno yale yale ya msomaji wa Morogoro. Na mimi nilimwamini! Miezi miwili ile mashine ikakaa chini ya kitanda na mimi naenda nawaambia watu chipu zinakula lenzi.

Kilichonifanya niifungue ni skrubu. Nilitaka kuchukua skrubu zake nitengenezee nyingine, nikaona zile za chini haziko sawa, mbili fupi, moja nyeusi imetoka kwenye redio. Nikasema hee. Nikafungua yote, nikanyanyua na lile bati la kukinga, nikaweka bodi kwenye mwanga dirishani.

Mhariri, nilichokiona sijakisahau. Kwanza namba ya bodi, zile za PS2 zimeandikwa zinaanza na GH, nikaenda kulinganisha na michoro niliyokuwa nimeiprinti intaneti kafe, haikuwa bodi ya 39003. Ilikuwa bodi ya 30003R imevalishwa gamba la 39003. Kwa nje hizi mbili ni pacha, matundu yale yale, huwezi kujua mpaka uvue nguo. Mtu huko ilikotoka au huku njiani alikuwa na mashine mbili mbovu akatengeneza moja nzima, si dhambi, hata mimi nimefanya sana hiyo kazi, ila hakusema.

Pili, ilikuwa imeshawahi kutiwa chipu ikatolewa. Kulikuwa na alama za risasi ya kulehemu ya zamani, rangi ya kahawia ya fleksi (dawa ya kulehemu) iliyoungua, na njia mbili kwenye bodi zimekatwa kwa wembe, moja imeungwa tena kwa uzi wa waya mwembamba kama unywele na juu yake wamepaka rangi ya kucha kuzuia isiguse jirani. Rangi ya kucha ya pinki! Nilicheka peke yangu, nikamwita mke wangu aje aone. Ile nyingine iliyokatwa haikuungwa.

Tatu, kafyuzi kamoja kadogo kama chembe ya mchele kalikuwa kamerukwa, mtu kaziba juu kwa risasi. Maana yake siku moja fyuzi iliungua kwa sababu fulani, na aliyetengeneza hakutafuta sababu, alitafuta njia ya mkato.

Sasa weka juu ya hayo yote fundi wangu wa mjini. Yeye kaangalia stika tu, 39, kafungua mchoro wa 39, kalehemu. Baadhi ya waya zikaangukia sehemu sahihi kwa bahati na nyingine hazikuangukia, ndo maana siku nne. Alihangaika kuhamisha hamisha, nikaona alama, sehemu moja kanyanyua mpaka shaba yenyewe ya bodi ikabanduka. Mwisho ikakubali kwa shida. Na ili isome hizi DVD za kuchoma bila kusumbua akafanya kile ambacho ndo muuaji mwenyewe wa lenzi, mimi hapa ndo nataka kila mwenye PS2 asome mara mbili.

Kwenye kichwa cha lenzi kuna viskrubu viwili vidogo sana vya kugeuza kwa bisibisi ya saa, kimoja cha CD kingine cha DVD. Vinapunguza na kuongeza nguvu ya mwanga wa laser. Disc ya kuchoma inarudisha mwanga kidogo kuliko original iliyogongwa kiwandani, kwa hiyo lenzi ikianza kuchoka inasoma original na inagomea za kuchoma. Fundi mvivu anageuza kile kiskrubu, ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme) zinashuka, mwanga unaongezeka, disc inasoma pale pale na mteja anatabasamu. Ila ile laser sasa inakimbia mbio ambazo haikuumbiwa, ni sawa na kumpa mzee bangi ili alime, leo atalima na kesho mtazika. Ya kwangu ilikuwa imezungushwa karibu nusu duara, wakati hivi vitu ukigeuza unageuza kidogo kama mshale wa saa unavyotembea dakika mbili tatu, tena baada ya kupima kwa mita na kuandika ilikuwa ngapi mwanzo.

Kwa hiyo chipu ilikula lenzi? Chipu haijui hata lenzi iko wapi bana. Chipu ilikuwa imekaa pale kijani, mzima, niliing'oa nikaifunga kwenye bodi nyingine V7 ya kweli, ikacheza mpaka 2017, na hata hapo kilichokufa ni pawa, ile sehemu ya kuingiza umeme, sio chipu.

Msomaji wa Morogoro, sikujui na wala sijaiona mashine yako, ila hebu jiulize, hiyo PS2 uliinunua mpya kwenye boksi? Kama ni mtumba basi fundi wako alikuwa mtu wa tatu au wa nne kuingiza bisibisi humo, na kila mmoja kaacha lake. Kuna mashine ina kitu kimeongezwa kwa nia njema kabisa halafu anayefuata anakiharibu. Mfano PS2 nyembamba za mwanzo, zile za 70000, zilisifika kuunguza koili za lenzi, mafundi wa nje wakabuni kinga ya kuongezea vipande vichache kwenye bodi wakaipa jina Romeo. Nimeshaona kwa macho yangu kijana anakuta vile vipande akasema "huu uchafu wa nini", akavikwangua vyote, akaweka chipu yake nadhifu kabisa. Lenzi ikaondoka wiki hiyo hiyo. Sasa hapo tena atasema chipu.

Na kuna watu watasema mzee unatetea wizi. Sheria ya hakimiliki tunayo toka 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, najua. Tena hata huko kwa wenye mashine mambo hayako sawa kila mahali, Mahakama Kuu ya Australia Oktoba 2005 ilimpa ushindi muuza chipu wa Sydney dhidi ya Sony, ikasema chipu yake haivunji sheria kama ilivyoandikwa wakati ule, wenyewe wakaja kubadilisha sheria baadae. Marekani nako mwaka 2022 Gary Bowser wa kundi lililokuwa likiuza chipu za Nintendo Switch alipigwa miezi 40 jela na deni la mamilioni ya dola. Kwa hiyo wanaojua sheria wabishane, mimi sio wakili. Ninachosema ni kwamba PS2 zenyewe hazitengenezwi tena toka 2013, duka la kukuuzia gemu lake jipya hakuna, na mashine zipo na watoto wapo.

Tena siku hizi kwa PS2 nyingi hata chipu huhitaji, ndo ushauri ninaowapa wanaokuja kuniuliza. Kuna kitu kinaitwa FreeMcBoot, kinakaa kwenye memori kadi, unachomeka kadi unawasha mashine inaingia yenyewe, bodi haiguswi wala skrubu haifunguliwi. Zile nyembamba za mwisho mwisho, 90000 zenye BIOS mpya, ndo zinakataa. Ukishaingia unaweza kucheza gemu kutoka kwenye flashi, lenzi inapumzika kabisa, ila ujue USB ya PS2 ni ya zamani, ile 1.1, kwa hiyo zile video za katikati ya gemu zinakwamakwama kama mtu mwenye kwikwi. Watoto hawajali, wanazipita. Uzuri wa hii njia ni kwamba mashine ambayo huijui historia yake huilazimishi kuonyesha vidonda vyake.

Lakini wapo wenye mashine ambazo bila chipu hazikubali, na sasa hivi zimeanza kuja hizi Switch kutoka nje, vijana wanataka ziwekewe kale kachipu ka RP2040 ambako waya wake wa utepe unakaa juu ya prosesa yenyewe. Hapo mhariri ukikosea hulii lenzi, unalia mashine nzima. Kijana mmoja aliniletea Desemba, kaka yake kaitoa Oman, anasema ni Switch ya OLED mpya, haijaguswa. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikakuta bati la kukinga prosesa limebanwa upande mmoja limenyanyuka upande mwingine, na ile dawa nyeupe ya kupitisha joto imejaa mpaka inamwagika pembeni. Kiwandani hawapaki hivyo, hiyo ni mkono wa mtu. Nikamwambia mdogo wangu mimi siigusi, mpigie kaka yako amuulize aliyemuuzia. Akanuna. Siku mbili akarudi, kumbe huko ilishajaribiwa kuwekwa chipu ikashindikana, ikafungwa ikauzwa kama mpya.

Sasa ombi langu kwa mafundi wenzangu, na hili halihitaji waziri wala kibali. Ukifungua mashine ya mtu ukabadilisha kitu, chukua kipande cha karatasi, andika tarehe, umeweka chipu gani, bodi ni GH ngapi kwa macho yako na sio kwa stika, umekata wapi, umeunga wapi, lenzi ilikuwa ohm ngapi na umeiacha ngapi, halafu ibandike kwa selotepu ndani ya gamba la juu pale pasipo na joto. Basi. Dakika tatu. Najua wengine mnaona ni kumpa siri fundi wa pili. Siri gani, michoro yote iko mtandaoni, unachoficha pale ni makosa yako. Mimi nilianza kufanya hivyo 2012 baada ya ile ya pinki, na mara mbili mashine zimerudi mkononi kwangu baada ya miaka zikiwa na karatasi yangu ndani na chini yake fundi mwingine kaendeleza kwa mwandiko wake, mmoja ameandika "nimekuta poa, nimebadili lenzi tu". Sijui hata ni nani, ila siku hiyo nilijisikia kama nimepata barua.

Na wewe mteja, ukimpelekea fundi mashine ya mtumba muombe aifungue ukiwa umekaa hapo. Akikwambia bei kabla hajaona bodi, chukua mashine yako uondoke. Mwangalie anaangalia nini, kama anasoma stika tu na kuwasha pasi ya kulehemu basi ndo yule wangu wa sola. Muulize lenzi ataigeuza? Akisema "kidogo tu isome vizuri" mwambie aache.

Ndugu wa Morogoro, hiyo PS2 yako usiitupe wala usiiuze kwa wa chuma chakavu. Mwambie mtu mwenye bisibisi aifungue, apige picha bodi nzima juu na chini na zile namba za GH zionekane, halafu uulizie ofisi ya gazeti wakupe namba yangu wanayo. Mpaka nione hiyo bodi ndo nitakwambia ni chipu au ni nani.

Baba Neema,
Kirumba, Mwanza